Mama Ngoja Anakabidhi Kigunduzi

Tarehe thelathini ya mwezi huu wa sita, baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi katika maabara yetu ya fizikia ya chembe, Mkuu wa Kitengo cha Vigunduzi atakabidhi kadi ya mlangoni, ufunguo wa kabati la vihisi, na kiti ambacho mgongo wake umeinamia kushoto tangu enzi za mkurugenzi aliyetangulia. Kwenye barua za ofisi ana cheo kirefu kinachokula mstari mzima. Kwenye korido ana jina fupi: Mama Ngoja.

Kamati ya hafla ya kumuaga imenipa kazi ya kuandika wasifu huu kwa kuwa nimekaa naye chumba kimoja kwa muda mrefu, yeye mwanafizikia na mimi fundi wa elektroniki, tukitenganishwa na meza mbili na mmea mmoja ambao kila mmoja wetu aliamini mwenzake ndiye anayeumwagilia maji. Nilipewa masharti mawili: nisirefushe mno, na nisimwage sifa. Sharti la pili ni jepesi. Mhusika ataisoma karatasi hii mbele yangu akiwa na kalamu mkononi.

Jina la Mama Ngoja limewapotosha watu wengi. Mgeni akilisikia hudhani atakutana na mtu mpole, mtulivu, wa kuongea polepole. Ukweli ni kwamba hana subira hata chembe. Hula amesimama. Lifti ikichelewa hupanda ngazi huku akiisema. Foleni ya benki humtoa jasho. Mahali pekee anapojua kungoja ni mbele ya data, na hapo anangoja mpaka wenzake wanazeeka. Hata methali ya haraka na baraka ilipigwa marufuku katika kikundi chetu, kwa sababu kila mwanafunzi mpya aliifikiria upya na kumletea kama zawadi.

Kwa ajili ya jamaa na marafiki watakaokuwa ukumbini, ni vizuri kueleza kwanza alichokuwa akikitafuta. Muoni ni chembe ndogo, ndugu wa elektroni, ila ana uzito wa mara mia mbili hivi na maisha mafupi kupita maelezo. Katika korido yetu muoni huzungumziwa kama mtu, kwa hiyo nitafanya hivyohivyo. Anapokufa huacha elektroni mmoja na nyutrino wawili, na hao nyutrino hutoroka bila kuaga na bila kuonekana. Ndivyo sheria zote tunazozijua zinavyosema. Swali letu ni hili: je, katika matrilioni ya muoni wanaokufa kwa utaratibu, hatokei hata mmoja akafa kwa njia ya mkato, akaacha elektroni na mwale mmoja wa mwanga, basi? Muoni wa namna hiyo tulimpa jina la Mkaidi. Akionekana kwa uhakika, vitabu vya fizikia vitaandikwa upya. Asipoonekana, angalau tunajua pa kutomtafuta tena.

Kumnasa Mkaidi kunahitaji birika kubwa la chuma lililojaa zenoni, gesi adimu iliyopozwa mpaka ikawa maji. Mwale ukiingia humo, zenoni hutoa mmweko hafifu, na mamia ya vihisi vilivyopangwa ukutani huuona. Mama Ngoja alipoajiriwa akiwa na shahada mpya ya uzamivu, kazi yake ya kwanza ilikuwa kufuta vioo vya vihisi hivyo kwa spiriti na kitambaa laini, kimoja baada ya kingine. Mumewe, daktari wa mifugo, anasema mwaka ule wa kwanza wa ndoa nyumba nzima ilinuka hospitali, na majirani hawakujua harufu ile inatoka kwa nani kati yao wawili. Mume huyo ana msemo wake anaoupenda: kwamba wagonjwa wake hawasemi, chembe za mkewe hazionekani, kwa hiyo hakuna wa kumwonea mwenzake huruma.

Mama mkwe, aliyekaa nao mpaka mwisho wa maisha yake, alikuwa na swali jingine. Siku moja mezani alimsikiliza mkwewe akieleza kwa kirefu habari za Mkaidi, miaka iliyopita tangu waanze kumtafuta na mabirika waliyoyabadilisha. Akamwangalia kwa huruma ya kweli.

"Mwanangu," akamuuliza, "kwani hicho kitu ulikipotezea wapi?"

Mama Ngoja amelinukuu swali hilo kwenye mikutano ya kimataifa zaidi ya mara moja. Anasema hajawahi kuulizwa na mwanasayansi yeyote swali gumu kuliko hilo.

Jirani yetu upande wa mashariki ni karakana, na bwana mkubwa wa karakana ni fundi wa kuchomelea tunayemwita Cheche. Zamani, kila Cheche alipowasha mashine yake, vihisi vyetu vilipiga kelele kana kwamba ulimwengu umezaliwa upya. Tulipoteza wiki nyingi tukilaumu nyaya, sumaku, hata hali ya hewa. Chanzo kilipojulikana, mkurugenzi alitaka kuandika barua kali. Mama Ngoja alivuka ua na kwenda kunywa chai karakana. Aliporudi walikuwa wamekubaliana, na makubaliano hayo yanaheshimiwa mpaka leo. Simu ya ofisini kwetu huita, unasikika mlio wa vyuma, kisha sauti: "Daktari, nichome?" Naye hujibu "choma" au "bado," bila salamu. Katika taasisi ambayo vikao vyake huzaa vikao, hiyo ndiyo kamati iliyofanya kazi vizuri kuliko zote.

Mtu mwingine ambaye huwezi kuusimulia utumishi wa Mama Ngoja bila kumtaja ni Pacha. Walisoma chuo kimoja, wakaripoti kazini siku moja, wote wawili wamevaa sweta za kijani zilizofanana mpaka mlinzi akawauliza kama ni mapacha. Jina likamgandia mwanamume. Pacha hakushika bisibisi maishani mwake. Kazi yake ilikuwa kuandika programu za kuchambua data, na aliziandika kwa ustadi ambao sisi wengine tuliuona kama uchawi mweupe. Mama Ngoja alijenga kigunduzi, Pacha akakisoma. Kwa zaidi ya miaka ishirini waliongoza jaribio pamoja, wakila chakula cha mchana meza moja na kugombania chumvi.

Ndiyo maana yaliyotokea kati yao ni lazima yaandikwe. Niliomba ruhusa kwa wote wawili. Pacha alisema andika yote. Mama Ngoja alisema andika, lakini usiongeze.

Katika utafiti kama wetu kuna utaratibu ambao watu wa nje huustaajabia. Sehemu ya data ambamo Mkaidi angeonekana hufunikwa tangu mwanzo, mtu yeyote asiiangalie. Mtu akijua anachokitafuta, jicho lake huanza kumsaidia bila kuombwa. Kwa hiyo kila kitu kingine hupimwa, kusahihishwa na kukubaliwa kwanza, na siku ya mwisho ndipo dirisha linafunguliwa mbele ya wote. Baada ya kulifungua, huna ruhusa ya kurudi nyuma na kupendezesha.

Dirisha letu lilifunguliwa mchana mmoja katika chumba cha mikutano cha ghorofa ya pili, mapazia yamefungwa, projekta inaunguruma kama kawaida yake. Pacha ndiye aliyepewa heshima ya kubonyeza. Tulijua kwamba hata kama Mkaidi hayupo, vidoti vichache vingejitokeza kwa bahati tu, kwa sababu elektroni wa muoni mmoja na mwale wa muoni mwingine wanaweza kufika pamoja na kujifanya ndugu. Idadi ya vidoti hivyo vya bahati tuliikadiria mapema. Vilivyotokea ukutani vilikuwa karibu mara mbili yake.

Zikapigwa kelele ambazo jengo lile halijapata kuzisikia. Cheche alikuja mbio na mtungi wa kuzimia moto, akasimama mlangoni akitafuta moshi.

"Tumempata," Pacha alisema. Hakupaza sauti. Alikuwa amemgeukia Mama Ngoja peke yake.

"Ngoja kwanza," akajibu.

Siku zote tulikuwa tunacheka akisema hivyo. Siku ile hakucheka mtu.

Mambo yalienda kasi. Mkurugenzi alikuwa amesikia kwamba maabara moja ya ng'ambo inakimbilia jibu hilohilo, na akataka waandishi wa habari waitwe haraka iwezekanavyo. Kanuni za jaribio, hata hivyo, zilidai saini za viongozi wote wawili. Pacha alitoa yake siku iliyofuata. Mama Ngoja aliomba muda wa kukagua, akapewa miezi mitatu kwa shingo upande.

Alivikagua vihisi kwanza. Vihisi huchoka kama macho ya binadamu, na kihisi kikichoka vibaya kinaweza kuufanya mwale wa kawaida uonekane na nguvu usizokuwa nazo. Alivipima upya vyote kwa taa ndogo zilizomo ndani ya birika. Vilikuwa vizima. Akahamia kwenye karatasi nyembamba ya plastiki ambayo muoni hutua na kufia juu yake. Picha zilionyesha kwamba karatasi imejikunja kidogo sana, chini ya unene wa ukucha. Akasahihisha. Kidoti kimoja kikatoka kwenye dirisha, kingine kikaingia, hali ikabaki palepale. Mwisho akaja kwenye saa zinazopima nani amefika lini, na hizo ni himaya yangu. Alitaka kila waya upimwe upya. Nilinuna wiki nzima, nikapima kila waya. Saa zilikuwa sawa.

Kikundi kizima kilikutana tena katika chumba kilekile. Pacha hakukaa.

"Umepata kosa?" akauliza.

"Sijapata."

"Kwa hiyo hakuna kosa."

"Sijasema hakuna. Nimesema sijapata."

"Sasa unakataa nini?"

"Nakataa neno moja, tumegundua. Bahati inaweza kufanya hivi bila kosa la mtu yeyote. Andika tulichokiona, kama tulivyokiona, natia saini sasa hivi. Halafu tukusanye data nyingine. Kama yupo, hatatukimbia."

"Hatakukimbia wewe," alisema Pacha. "Mimi naondoka mwezi wa kumi na mbili."

Ni kweli, alimzidi Mama Ngoja umri, na mwaka ule ndio uliokuwa wake wa kustaafu. Mama Ngoja alikuwa ameuweka mkono wake juu ya meza, na nilimwona akiuondoa na kuuweka magotini. Hakusema lolote.

Makala ilitoka ikiwa na sentensi aliyoitaka yeye: kwamba tumeona ziada ambayo haitoshi kuitwa ugunduzi. Waandishi hawakuitwa. Katika kantini yalisemwa mengi, na kwa kuwa meza za kantini yetu zimebanana, aliyasikia yote. Wengine walisema ana wivu. Wengine walisema ni mwoga, kwamba mtu aliyetafuta kwa muda mrefu namna ile huwa anaogopa kupata. Aliendelea kula, amesimama kama kawaida, sasa peke yake. Katika hafla ya kumuaga Pacha, Mama Ngoja alikaa safu ya mwisho. Pacha alimshukuru kila mtu, wapishi, walinzi, mpaka mashine ya kunakili, akamruka yeye. Kisha akaenda nyumbani, na hawakupigiana simu.

Jambo moja wachache walilijua. Ndani ya mlango wa kabati lake, mahali pasipoonekana na mtu anayepita, Mama Ngoja alikuwa ameibandika ile grafu ya vidoti. Nilikuwa nikimwona akifungua kabati, akisimama pale, kisha akifunga bila kuchukua kitu. Sikumuuliza. Kukaa na mtu chumba kimoja kuna adabu zake.

Mwaka uliofuata ulikuwa wa kukusanya data mpya, na nusura ukatike katikati. Mtambo wa kupoza ulikufa asubuhi moja tukiwa kwenye chai. Zenoni ikianza kupata joto hurudi kuwa gesi, presha hupanda, na ikifika kikomo kuna mlango wa usalama unaojifungua wenyewe na kuiachia yote angani. Zenoni ile ilikusanywa kwa miaka, mtungi kwa mtungi, kutoka viwanda vya nchi mbalimbali. Ingepotea, jaribio lingeishia hapo, na ile ziada ingebaki swali lisilo na wa kulijibu. Watu wangeweza kuamini walichotaka mpaka kufa kwao.

Njia pekee ilikuwa kuirudisha zenoni kwenye tangi la akiba lililoko nje, kwa bomba refu linalopita ukutani. Tulipofungua, kishikizo kimoja cha bomba kikakatika na bomba likaning'inia. Mama Ngoja alinyanyua simu yeye mwenyewe.

"Cheche, njoo na mashine yako."

"Vihisi je, Daktari?"

"Vimezimwa. Leo choma utakavyo."

Cheche aliunga kishikizo kipya huku wanafizikia watatu wenye shahada za uzamivu wakilibeba bomba mabegani mithili ya wapagazi. Mama Ngoja alisimama kwenye kipimo cha presha akisoma namba kwa sauti, sauti ileile ya kusomea ratiba ya zamu. Presha ilipanda, ikasita, ikaanza kushuka. Alipomaliza aliomba kiti. Hiyo ndiyo mara pekee niliyomwona akiomba kiti kazini. Baada ya wiki mbili mtambo ulipona, zenoni ikarudi birikani, muoni wakaendelea kufa kwa utaratibu.

Dirisha lilipofunguliwa kwa mara ya pili, alikataa kubonyeza. Akampa nafasi hiyo mtafiti aliyechukua kazi ya Pacha. Sasa tulikuwa na data mara tatu ya zile za mwanzo. Kama Mkaidi alikuwapo, vidoti vyake vilipaswa kuongezeka kwa kiasi hichohicho. Havikuongezeka. Vilikuwa vile vya bahati tu, kama tulivyokadiria, wala havikuzidi. Ile ziada ilikuwa imeyeyuka, na hapakuwa na kosa la kumlaumu mtu. Bahati ilitutembelea mwaka ule, ikakaa kidogo, ikaenda zake.

Hakuna aliyepongeza mtu. Mama Ngoja aliomba picha ikuzwe, akaitazama, akaomba ikuzwe tena. Kisha akachukua nakala, akaja kwangu na kuniuliza kama gari langu lina mafuta.

Ninayajua yaliyofuata kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa dereva. Pacha tulimkuta nje kwake akilipaka geti rangi ya samawati, amevaa kofia ya gazeti. Alituona tukishuka, akaendelea kupaka.

"Umekuja kuniambia ulikuwa sahihi?"

"Nimekuja kukuambia hayupo."

Brashi ikasimama. "Kabisa?"

"Kwa kadiri tunavyoweza kuona. Sikutaka uisome kwenye makala. Wala sikuwa sahihi, mimi nilikuwa sijui tu, kama wewe." Akavuta pumzi. "Nilitaka awepo. Ile grafu niliibandika kabatini. Shemeji yako ananicheka mpaka leo."

"Uliibandika?"

"Ndani ya mlango."

Pacha alianza kucheka, akacheka mpaka rangi ikamtiririkia kiganjani. Alipotulia alijipangusa macho kwa mkono uleule, akajipaka samawati usoni. "Wakati wote ule," alisema, "nilidhani nafanya kazi na jiwe."

"Jiwe lingekujibu vizuri zaidi siku ile ya mkutano," alisema Mama Ngoja. "Nilikosa neno."

"Hata mimi sikukuachia nafasi ya kulisema."

Mkewe alitoka na chai, akamkuta mumewe ameshatandaza ile nakala juu ya boneti ya gari langu, akiipitia kidoti kwa kidoti. Pacha aliikagua mpaka chai ikapoa. Alipata kosa moja, la tahajia, akalitangaza kifua mbele. Alama za vidole vya samawati bado zipo kwenye boneti, sikuzifuta.

Kwa lugha ya ripoti, matokeo yale yalikuwa mafanikio makubwa. Wakati ule hakuna jaribio lililokuwa limembana Mkaidi kuliko letu. Nadharia kadhaa nzuri, zilizoandikwa na watu wenye akili nyingi, zilizikwa na makala yetu. Maabara nyingine zimeijenga kazi yao juu ya ile yetu, na ile maabara ya ng'ambo, ambayo iliona ziada yake yenyewe na kuitangaza mapema, ililazimika kuomba radhi hadharani. Mkurugenzi wetu hajawahi kulisema hilo mbele ya Mama Ngoja, lakini mwaka ule alimletea kiti kipya. Alikikataa. Kilichopinda anakijua.

Kuanzia hapo ameongoza ujenzi wa kigunduzi kipya, ambacho kimeshaanza kazi. Vihisi vyake ni vidogo kama kucha, vimesongamana kama punje za mahindi kwenye gunzi, na vinaona vizuri zaidi kuliko vile alivyovifuta kwa spiriti. Watafiti wengi waliopata shahada zao chini yake sasa wanaongoza vikundi vyao, na ukienda kwenye mkutano wowote wa fani hii utawatambua. Ndio wanaonyanyua mkono baada ya makofi.

Data za kigunduzi kipya zinakusanywa, na dirisha lake bado limefunikwa. Litafunguliwa mwakani. Kwa sababu hiyo mkurugenzi alimwomba aongeze mkataba wa mwaka mmoja, awepo siku hiyo. Pacha naye alipiga simu kumsihi, maana anajua uchungu wa kuondoka kabla ya jibu. Wengi wetu tulidhani atakubali. Mimi niliweka dau la chakula cha mchana, nikaliwa.

Alikataa katika kikao cha Jumatatu, kwa maneno machache. "Nikiwepo mtaangalia uso wangu," alisema. "Mtaangalia kama nimefurahi au nimenuna, kabla hamjaangalia grafu. Nataka muangalie grafu." Kisha akauliza kama kuna ajenda nyingine.

Baadaye, tukiwa wawili chumbani, nilimuuliza kama hatajuta. Alikuwa akitoa vitu kwenye droo, bisibisi, miwani mitatu ya kusomea, kikombe kisicho na mkono. "Nitajuta," alisema. "Nimeshaanza. Lakini majuto hayajawahi kuwa sababu ya kubadilisha utaratibu." Akaendelea kutoa vitu.

Mipango yake ya baada ya hapa ni ya kawaida, isipokuwa mmoja. Mumewe anafunga zahanati yake ya mifugo mwezi ujao, na wawili hao watakaa kwa muda na binti yao mkubwa aliyejifungua majuzi. Huo mmoja ni kwamba amejiandikisha kujifunza kuogelea. Anasema amesimama kando ya birika maisha yake yote ya kazi, na ingefaa mara moja aingie.

Pacha atazungumza kwenye hafla. Tumemwomba asizidishe dakika kumi, na hatuna matumaini. Cheche ametengeneza zawadi ambayo hataki mtu yeyote aione kabla ya siku yenyewe, tunachojua ni kwamba watu wanne ndio waliohitajika kuisogeza.

Nami namalizia, maana kalamu yake naiona inakaribia.

Mama Ngoja, kikundi kizima kinakushukuru kwa mikono uliyoichosha, kwa wanafunzi uliowalea, na kwa ule mkutano ambamo ulisimama peke yako bila kuwa na jibu na hukubuni jibu. Tunakuombea afya, wajukuu wenye kelele, na maji yenye joto la kutosha. Mwakani tutalifungua dirisha bila wewe. Kama yupo, tutakwambia yupo. Kama hayupo, mmoja wetu atawasha gari na kuja mpaka mlangoni kwako kukwambia kwamba hayupo. Nenda salama, na maisha yakunyookee.